Mswada wa Fedha umeimeza Kamati ya Fedha

Muulize Mkenya yeyote Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa katika Bunge la Taifa inafanya kazi gani, atakwambia ndio wale wa ushuru. Hajakosea. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Juni 30 tunawaona karibu kila jioni kwenye runinga wakipokea maoni kuhusu Mswada wa Fedha, wakifuta kipengele hiki na kubakisha kile. Julai ikiingia, kimya kinatanda. Tukiwasikia tena, pengine ni Rais ameteua gavana wa Benki Kuu na wao wanampiga msasa.

Sasa soma Kanuni za Kudumu za Bunge. Ushuru ni sehemu tu ya walichokabidhiwa. Humo mna benki, bima, taasisi za kifedha, sera za fedha na mipango ya taifa. Akiba yako, riba ya mkopo wako na bima ya gari unalopanda kila asubuhi vyote vinapitia kwa watu 15. Ninachosema ni kwamba kazi ya kutunga ushuru imenenepa hadi ikaimeza kazi ya kuwasimamia wanaoshika pesa zetu, na huwa tunaligundua hilo siku benki au kampuni ya bima inapofunga milango.

Mwaka wa 2024 hakuna aliyeusahau. Mswada ulipendekeza ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na jambo moja ambalo halikupigiwa kelele sana mitaani: VAT kwa huduma za kifedha na ubadilishaji wa fedha za kigeni. Juni 18 kamati ilitangaza kwamba hayo yote yameondolewa. Juni 20 wabunge 204 waliuunga mkono kwenye awamu ya pili dhidi ya 115. Juni 25 ukapita wa mwisho, 195 kwa 106, na alasiri hiyohiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, vijana wakauawa kwa risasi nje. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini.

Siasa za siku zile zimechambuliwa vya kutosha. Mimi naangalia viti vya wageni. Mabenki hufika mbele ya kamati kupitia chama chao, kampuni za bima vilevile, na huja wamejipanga: waraka uliochapwa vizuri, mawakili, na mara nyingine maneno ya kipengele mbadala tayari yameandikwa, kilichobaki ni kunakili. Ni haki yao, Kipengele cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Mwananchi wa kawaida huja na hasira tu, na hasira haina maneno ya kunakili.

Matokeo yake ni kwamba mkutano mkubwa wa mwaka kati ya kamati na wenye mabenki ni ule ambao mwenye benki amekuja kuomba. Anaeleza jinsi ushuru utakavyomuumiza mteja, wabunge wanaandika, wanashukuru, anatoka. Swali la mikopo mingapi katika vitabu vyake hailipiki halina nafasi siku hiyo. Na lilistahili kuulizwa, maana mwaka huohuo mikopo isiyolipika ilipita asilimia 16 ya mikopo yote ya mabenki. Zaidi ya shilingi moja katika kila shilingi saba zilizokopeshwa ilikuwa haijulikani itarudi lini.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa 2015. Katika bajeti ya Juni mwaka huo, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Henry Rotich, alipendekeza kiwango cha chini cha mtaji wa benki kipandishwe kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 5. Wabunge walikataa. Sababu yao haikuwa ya kipuzi: benki ndogo zingemezwa na kubwa, na hizo kubwa ndizo zilizokuwa zikilalamikiwa kwa riba za kuumiza. Mjadala ulikuwa mkali. Agosti ya mwaka huohuo Dubai Bank ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya taasisi iliyokwama. Oktoba 13 ikafuata Imperial Bank. Aprili 7, 2016, Chase Bank. Benki tatu katika muda wa miezi minane.

Kuna wanaosema wabunge wangekubali bilioni 5 tusingefika pale. Sioni hivyo. Imperial ilikuwa ikitangaza faida. Wiki chache kabla ya kufungwa ilikuwa imewauzia wawekezaji hatifungani, yaani hati za kuikopesha benki, za shilingi bilioni 2. Ulaghai uliokuja kugunduliwa ulikadiriwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 30, umefichwa ndani ya mikopo kwa miaka. Mtaji wa bilioni 5 ungezama humo bila hata povu.

Kwa hiyo pande zote mbili, Hazina iliyopendekeza na wabunge waliokataa, zilikuwa zikibishania nambari ya kuandikwa kwenye sheria. Hakuna aliyekuwa akibishania ukaguzi. Wakaguzi wa Benki Kuu huingia katika benki mara ngapi? Wanaona mfumo wenyewe wa kompyuta au wanaletewa ripoti iliyotayarishwa na walewale wanaokaguliwa? Mkaguzi wa hesabu wa nje amekaa na benki moja miaka mingapi? Hayo ni maswali ya kamati ya usimamizi, na hayahitaji mswada wowote ili yaulizwe. Kipengele cha 125 cha Katiba kinaipa kamati mamlaka ya Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kudai stakabadhi. Siku ile wateja wa Imperial walipokuta milango imefungwa, kiasi cha juu kilicholindwa na bima ya amana kilikuwa shilingi 100,000 kwa mteja, awe na laki mbili au milioni ishirini. Kiwango hicho kilikuja kupandishwa hadi 500,000 mwaka wa 2020, miaka karibu mitano baadaye.

Mwaka mmoja baada ya mvutano wa mtaji, Bunge lilirudi kwa mabenki, safari hii kwa rungu. Mswada wa Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini, uliweka kikomo cha riba: pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Rais Uhuru Kenyatta aliutia saini Agosti 2016, na kwa kuwa kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 10.5, mkopo haungeweza kupita asilimia 14.5. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kilichofuata tunakijua: mabenki yaliwapa mgongo wafanyabiashara wadogo yakaikopesha Serikali, ambayo hailazi mtu macho akiwaza kama italipa. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa baada ya Rais kuurudisha Mswada wa Fedha bungeni akitaka kipengele hicho kifutwe, na wabunge waliotaka kumpinga wakashindwa kufikisha theluthi mbili ya wabunge iliyohitajika.

Miaka mitatu nzima sheria ile ilikuwepo. Ingetosha kamati kumwita kila mwenye benki kubwa mara mbili kwa mwaka na kumwomba orodha moja: biashara ndogo ngapi ziliomba mkopo, ngapi zilipewa, ngapi zilikataliwa. Kungekuwa na ushahidi wa kuitetea sheria au kuirekebisha. Badala yake ilikufa kama ilivyozaliwa, bila ushahidi huo.

Bima ndiyo inayopata makombo ya makombo. Na hapo ndipo nina ugomvi mkubwa zaidi na kamati hii, kwa sababu bima ya gari si ya hiari. Sheria inamlazimisha mwenye gari kuinunua, polisi wanaikagua barabarani, na ukikosa stika unalala ndani. Serikali ikishamlazimisha mtu kununua kitu, haiwezi kunyamaza kuhusu uwezo wa muuzaji kukitoa.

Namjua mwenye matatu mmoja ambaye alikuwa akilipa bima mwezi kwa mwezi, kama wafanyavyo wengi katika biashara hiyo. Gari likapata ajali, abiria akavunjika mguu, akaenda mahakamani, akashinda. Lakini kesi ilipokwisha, kampuni ya bima ilikuwa tayari chini ya usimamizi wa kisheria. Hukumu ikamrudia mwenye gari. Dalali alikuja asubuhi na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: gari moja, viti vya sebuleni seti moja, runinga moja, friji moja. Akapita chumba hadi chumba akiweka alama. Mwenye matatu alimwonyesha stika zake zote, za miezi na miezi, alizokuwa amezihifadhi ndani ya bahasha ya kaki. Dalali akamwambia kwa upole, "Mzee, hizo peleka kwa waliokupa." Yule abiria naye, mpaka nilipoisikia habari hiyo, hakuwa ameona hata senti.

Hicho si kisa cha ajabu. United Insurance ilianguka 2005, Blue Shield 2011, Resolution 2022, Xplico 2023, Invesco ikaanza kufilisiwa 2024. Kadhaa kati ya hizo zilikuwa zikiyakatia bima magari ya abiria kwa wingi. Ni mchezo uleule kila mara: kampuni inauza stika kwa bei ambayo kila aliye kwenye sekta anajua haiwezi kulipa madai, pesa za mwezi huu zinalipa madai ya mwaka juzi, na siku moja hesabu inakataa. Mamlaka ya Kudhibiti Bima huchapisha ripoti za sekta kila robo mwaka. Mtu mwenye penseli na subira anaweza kuona ni kampuni gani inapumua kwa shida. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma kwa sauti bungeni na kumuuliza mkuu wa mamlaka hiyo: kampuni hii ina madai mangapi yaliyopita siku 90 bila kulipwa, na kwa nini ingali inaruhusiwa kuuza stika leo asubuhi?

Nitajibiwa kwamba wabunge si wataalamu wa hesabu za bima. Kweli, na hawahitaji kuwa. Bunge lina Ofisi ya Bajeti yenye wachambuzi wanaoheshimika. Wakiongezewa watu wawili watatu wanaojua kusoma vitabu vya bima na vya benki, kamati itakuwa na macho yake yenyewe badala ya kuazima ya mdhibiti. Nitajibiwa pia, na hili ni zito zaidi, kwamba Katiba imeilinda Benki Kuu isiamrishwe na mtu, na kwamba mbunge akiropoka jina la benki hadharani anaweza kuiua. Uvumi wa mitandaoni ulichangia wateja kukimbilia pesa zao Chase Bank. Ndiyo maana kuna vikao vya faragha. Kamati za usalama hukaa faragha bila mtu kulalamika. Hii ya fedha nayo ikae faragha panapostahili, kisha itoe ripoti ya yale yanayoweza kusemwa. Kuuliza na kuamrisha ni mambo mawili tofauti.

Matumizi ya serikali nitayapitia haraka, kwa sababu hapo kamati hii haiko peke yake. Kuna Kamati ya Bajeti, kuna ya Uhasibu, na tangu Bunge la 13 kuna ya Deni la Umma na Ubinafsishaji. Kazi imegawanywa vipande hadi kila mmoja anadhani mwenzake ameshika. Angalia Kipengele cha 223, kinachoiruhusu Serikali kutumia pesa ambazo hazijaidhinishwa, mradi ije kuomba idhini ndani ya miezi miwili tangu ichukue pesa za kwanza, na isizidi asilimia 10 ya kilichotengwa mwaka huo. Kilikusudiwa mafuriko na ukame. Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, ndicho kilichotumika kulipa shilingi bilioni 6.09 za kununua hisa za Telkom Kenya. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alikuja kuwaeleza wabunge jinsi alivyoshinikizwa kuidhinisha mabilioni siku zile. Kamati ya Fedha na ile ya Mawasiliano zikaketi pamoja kuchunguza, baada ya pesa kutoka. Siku hizi bajeti za ziada zinafika hata tatu kwa mwaka mmoja, na nyingine huja kuidhinisha kilichokwisha kutumika.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye anatakiwa atoe ripoti miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu. Mwenye kumbukumbu ya lini mara ya mwisho miezi hiyo mitatu iliheshimiwa kikamilifu, anikumbushe.

Nimefuatilia vikao vya kamati za Bunge kwa muda sasa, vingi kupitia YouTube, na vina mwendo wake. Afisa mkuu wa taasisi anaingia na wasaidizi, kila mmoja amekumbatia faili. Nakala za taarifa zinagawiwa akiwa anaketi, kwa hiyo hakuna mbunge aliyeisoma. Anaomba ruhusa aisome yote. Nusu saa imekwenda. Swali la kwanza ni kwa nini eneobunge la mheshimiwa halina tawi. La pili ni ajira, mbona vijana wa kaunti fulani wameachwa. La tatu ndilo zuri, kutoka kwa mbunge aliyejiandaa: mikopo waliyopewa wakurugenzi wa taasisi yenyewe ni kiasi gani, na wangapi wanalipa? Kimya kidogo. Kisha: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hilo tutaliwasilisha kwa maandishi." Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa. Kengele ya ukumbi inalia.

Hayo maandishi ningependa sana kuyaona. Kanuni za Kudumu zinampa waziri siku 60 za kueleza alivyotekeleza maazimio ya Bunge, lakini ahadi zinazotolewa ndani ya chumba cha kamati hazina daftari linalojulikana na umma. Kamati ingeweza kulianzisha kesho, bila sheria mpya wala bajeti: swali, aliyeulizwa, tarehe aliyoahidi, tarehe aliyojibu. Libandikwe kwenye tovuti ya Bunge. Taarifa za mashahidi zifike wiki moja kabla, na asiyeleta mapema asiruhusiwe kuisoma kikaoni, aulizwe moja kwa moja. Na mbunge mwenye hisa katika benki au kampuni ya matatu aseme hivyo kabla hajafungua mdomo, maana baadhi ya utetezi ninaousikia mle ndani una harufu ya gawio.

Kubwa kuliko yote, kazi ya Mei na Juni itenganishwe na kazi ya mwaka mzima. Kamati ndogo ya watu watano inatosha kukaa na wadhibiti kila robo mwaka wakati wenzao wanahangaika na ushuru.

Kuna jambo la kuanzia tayari. Desemba 2024 sheria ya mtaji iliyokataliwa 2015 ilirudi ikapita, tena kwa kiwango maradufu: bilioni 3 kufikia mwisho wa 2025, bilioni 5 kufikia mwisho wa 2026, na kuendelea hadi bilioni 10 mwishoni mwa 2029. Haikuzua hata robo ya kelele za mkate. Kuna benki ndogo ambazo zitatafuta wawekezaji, zitaungana au zitauzwa, na kuna wateja wenye akiba humo ambao hawajui benki yao iko upande gani wa mstari. Kamati hii inapaswa kumwita Gavana wa Benki Kuu, faragha ikibidi, na kumtaka aeleze benki moja baada ya nyingine ina mtaji gani, inautoa wapi unaopungua, na wateja wake watafanywa nini ikishindwa. Kikao hicho kifanyike Februari. Kikisogezwa hadi Mei, hakuna atakayekuwa na muda wa kukikalia.